Jicho la wavu: shajara ya mradi wa zooplanktoni, Unguja, 2024

22 Januari

Wavu umefika. Mdomo wake ni duara la sentimita 50, mwili unasinyaa kama faneli mpaka kwenye kikopo cha mkiani, na macho yake ni ya mikromita 330, yaani theluthi ya milimita. Tumeutundika kwenye boriti ya stoo kuangalia kama umetoboka njiani. Mzima. Pembeni yake tumetundika wavu mwingine tulioukuta humuhumu stoo, wa macho ya mikromita 100, mabaki ya kazi ya mwanafunzi aliyetutangulia. Huo ukiushika ni kama ushungi wa hariri. Kwenye daftari la vifaa nimeuandika "akiba".

Kwa atakayesoma hapa bila kujua mwanzo: mradi una miguu miwili. Mmoja ni wa mezani, kusoma utafiti wa zooplanktoni, wanyama wadogo wanaochukuliwa na maji, katika bahari za joto ulikotoka na unakoelekea. Wa pili ni wa majini. Kila mwezi tutaburura wavu katika vituo vitatu, jirani na bandari, upande wa kisiwa cha Bawe na upande wa kisiwa cha Chumbe, kisha tulinganishe tunachokipata na kilichopatikana Bahari ya Hindi miaka ya 1960. Wazo la kulinganisha ni la Dokta. Mimi nililipenda papo hapo, na naliandika hivyo ili nisije nikalikana baadaye.

10 Februari

Bamvua. Tumetoka saa moja asubuhi, maji yakianza kupwa, kaskazi ikivuma taratibu. Kituo cha bandarini tumekiharibu wenyewe: mita ya mkondo iliyofungwa mdomoni mwa wavu imeingiwa na majani ya bahari, panga lake halikuzunguka, na namba zimetoka kama zilivyoingia. Bila namba hizo huna kitu. Unaweza kuwa na chupa imejaa wanyama, lakini hujui wametoka katika maji kiasi gani, na hesabu zote za kazi hii ni za wanyama kwa mita moja ya ujazo.

Bawe tumefanikiwa. Dakika tano za kuburura, boti ikienda mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, ni kama mita 300. Zidisha kwa eneo la mdomo wa wavu, mita 0.196 za mraba, unapata takriban mita 59 za ujazo. Ni maji ya kujaza chumba kizima, tena si kidogo, na yote yameacha vijiko vichache vya kitu kama tui.

Nahodha alikuwa akitutazama tangu mwanzo bila kusema neno. Nilipotaka kuimwagia chupa ya kwanza fomalini, dawa ya kuhifadhia, aliuliza: "Mwanangu, wavu huu hata dagaa haushiki. Mnavua nini?"

Nikamwambia tunatafuta anachokula dagaa. Akaichukua chupa, akaiinua juani. Vidudu vilikuwa bado vinaruka, vinang'aa, vingine vimebeba vifuko viwili vya mayai huku na huku.

"Kumbe na dagaa ana dagaa wake," akasema, akarudi kwenye usukani.

27 Februari

Wiki nzima mezani. Neno lenyewe planktoni lilitungwa na Mjerumani Victor Hensen mwaka 1887. Miaka miwili baadaye akasafiri na meli National kuzunguka Atlantiki, akiburura wavu na kuhesabu. Alichokileta kiliwakera wengi: bahari za joto, zile ambazo kila msafiri alizisifu kwa wingi wa uhai, zilikuwa na planktoni haba kuliko maji baridi ya kaskazini. Ernst Haeckel akamshambulia kwa maandishi mwaka uliofuata, akidai kuhesabu namna ile hakuna maana. Wavu wa Hensen ulikuwa wa hariri ya kuchekechea unga, na ugomvi wao ulikuwa kuhusu kitu ambacho bado tunagombana nacho: wavu unakuonyesha bahari, au unakuonyesha wavu?

Kwa upande wetu, kitu kikubwa ni msafara wa kimataifa wa Bahari ya Hindi, uliofanyika kati ya 1959 na 1965 kwa meli za mataifa mengi. Waliokuwa wakiandaa upande wa zooplanktoni walifanya jambo la busara. Walijua kila meli itakuja na wavu wake, kwa hiyo wakakubaliana juu ya wavu mmoja wa kawaida: mdomo wa mita moja ya mraba, macho ya mikromita 330, unazamishwa mita 200 na kuvutwa wima mpaka juu. Sampuli zikapelekwa Cochin, India, kwenye kituo kilichoanzishwa mahsusi kuzichambua. Ndiyo maana na sisi tumeagiza 330.

Nje ya hapo, picha ya jumla ya karne iliyopita ni hii: bahari baridi zimefuatwa kwa subira, za joto kwa misimu. Mtambo wa Alister Hardy, unaokokotwa na meli za mizigo ukinasa planktoni kwenye utepe wa hariri, umeanza safari za mfululizo Bahari ya Kaskazini mwaka 1931 na, ukiondoa miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, haujaacha. Katika tropiki, vituo vilivyofuatiliwa mwezi baada ya mwezi kwa miaka mingi ni vya kuhesabu kwa vidole. Cha Cariaco, mbele ya pwani ya Venezuela, kilidumu kuanzia 1995 mpaka 2017, na huko kwetu tungekiita mzee. Pwani ya Kenya miaka ya 1990 kulikuwa na kazi nzuri, Gazi na hori ya Tudor hasa, kwenye mikoko. Lakini kazi nyingi za ukanda huu huenda mwaka mmoja au miwili, fedha zinakwisha, chupa zinapanda kabatini. Sisemi kwa kumlaumu mtu. Mradi wetu nao ni wa miezi kumi.

14 Machi

Ramadhani, chungu cha tatu. Tumetoka mapema ili Nahodha asipigwe na jua la mchana. Chumbe, katika mzunguko wa pili, wavu umegusa mwamba. Tulisikia kamba ikikaza, kisha ikalegea. Mpasuko wa kiganja kizima. Tungerudi mikono mitupu kama si ule wa akiba niliokuwa nimeutia botini ili usiliwe na panya wa stoo. Tumeufunga, tumeburura dakika tano zilezile.

Kilichotoka kikoponi hakikuwa tui. Kilikuwa uji.

3 Aprili

Siku kumi nimeinamia hadubini, na shingo inaniambia hivyo.

Kwanza niseme raha ya kazi hii, kwa sababu ripoti haitakuwa na nafasi yake. Unamimina kidogo kwenye trei ya Bogorov, ile yenye mfereji unaopinda kama njia za Mji Mkongwe, na unausogeza taratibu. Wanapita: minyoo mshale, wembamba na wa kioo, ndoano vichwani, mabuu ya kaa yenye mwiba mrefu kipaji cha uso, konokono wa majini wenye gamba jembamba kama sindano, Lucifer, kamba mdogo mwenye shingo ndefu utafikiri kachorwa na mtoto. Na kopepodi, jamaa wadogo wa kamba. Kopepodi kila mahali. Katika bahari karibu zote ndio wengi kuliko wanyama wengine wote wa wavuni kwa pamoja, na hatua zao za maisha ni kumi na mbili, sita za nauplii, yaani mabuu wachanga, na sita za baadaye mpaka utu uzima, kwa hiyo spishi moja inaweza kukupa sura za kukuchanganya mchana kutwa.

Sasa jambo lenyewe. Chupa ya wavu wa akiba imejaa kopepodi wadogo, Oithona, Oncaea, Parvocalanus, na nauplii wasiohesabika. Chupa za wavu wa 330 zina wachache tu, tena wale walionasa kwa bahati kwenye vinyweleo vya wengine. Siyo kwamba Februari hawakuwepo. Walipita. Oithona mzima mara nyingi ana urefu usiofika milimita moja na unene wa robo hivi ya milimita. Kwenye jicho la theluthi ya milimita anapita bila hata kukunja antena zake.

Nikarudi mezani nikaona nimechelewa kwenye karamu. Mwaka 2001 Gallienne na Robins walichapisha makala yenye kichwa cha kuuliza kama Oithona ndiye kopepodi muhimu kuliko wote duniani. Hoja yao, na ya wengine waliofuata, ni kwamba nyavu za mikromita 200 na kwenda juu zimekuwa zikimpoteza karne nzima. Na jambo hili linaiuma zaidi bahari ya joto, kwa sababu huku wadogo ndio wenye mji. Maji yenye joto na chakula haba huzaa mimea midogo sana, na wanaoila nao hupungua umbo. Hensen alikuwa na haki ya kuhesabu, lakini sehemu ya umaskini alioukuta huenda ilikuwa imepita katikati ya nyuzi.

Nilimpelekea Dokta. Akasoma, akafungua kabati, akatoa makala moja ya zamani iliyopigwa fotokopi mpaka herufi zimenenepa. Ni ya J. H. Wickstead, 1963: makadirio ya zooplanktoni wote katika eneo la Zanzibar, pamoja na ulinganisho wa matokeo ya nyavu mbili tofauti.

Nyavu mbili. Hapahapa kwetu. Miaka sitini na moja iliyopita.

"Ulikuwa nayo?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nayo," akasema. "Sikuisoma kichwa chake mpaka mwisho."

12 Aprili

Idi imepita. Uamuzi: kuanzia mwezi huu nyavu zote mbili, kila kituo, mmoja baada ya mwingine. Muda wa baharini unaongezeka, petroli inaongezeka, chupa zinakuwa mara mbili. Wa 330 umeshonwa kwa uzi wa nailoni na fundi wa Darajani ambaye kazi yake ni mikoba.

6 Mei

Kimbunga Hidaya. Boti za Dar zilisimamishwa, na usiku wa kuamkia Jumamosi umeme ulizimika nchi nzima. Friza yetu ina sampuli za vinasaba. Nilikuja kwa miguu kwenye mvua nikiwa na hofu yangu yote, nikakuta barafu imeanza kutoa maji. Lakini sampuli hizo ziko ndani ya ethanoli ya asilimia 95, na ethanoli ndiyo inayozihifadhi. Baridi ni nyongeza. Zile za fomalini hazijali lolote, ila fomalini huvuruga DNA, kwa hiyo chupa unayoiandaa kwa hadubini haikufai kwa vinasaba, na chupa nyingi za kale zilizoko kabatini, hapa na kwingineko duniani, ni za fomalini.

Hidaya ilitua Mafia tarehe 4. Vimbunga si kawaida ya ukanda huu wetu wa karibu na ikweta. Safari ya mwezi huu haipo.

15 Mei

Matokeo ya kwanza ya vinasaba yako tayari kwenye seva ya maabara ya ng'ambo, mafaili makubwa. Tangu Jumapili nyaya za intaneti za chini ya bahari zimekatika na nchi nzima inaburura. Faili linashuka hadi asilimia nne, linakata, linaanza upya. Nimeenda kunywa chai.

20 Juni

Kusi imekolea. Maji yamepoa, bahari ya nje ina mawimbi meupe. Chumbe tumeiruka mwezi huu, na nimeandika sababu waziwazi badala ya kuacha pengo.

Mafaili yameshashuka. Njia yenyewe ni ile inayotawala majarida siku hizi: unasaga sampuli nzima, unanakili kipande kifupi cha kijeni, mara nyingi kile kiitwacho COI, cha mitokondria, unasoma maelfu ya vipande kwa mpigo, halafu unauliza benki za data hiki ni cha nani. Mwelekeo huu ulipata nguvu kwenye sensa ya zooplanktoni wa bahari iliyoanza 2004 na kufungwa 2010, ukaja kupanuka na safari za meli Tara kuanzia 2009. Sensa ile ilianza na takriban spishi 7,000 zilizokwisha kuelezwa, na mtu yeyote wa fani atakuambia zilizobaki si chache.

Jibu tulilopata limenifundisha unyenyekevu. Wanyama wakubwa na wa kawaida wametajwa kwa jina. Kisha kuna mkia mrefu wa vipande vinavyojibiwa "kopepodi" tu, au jina la familia na basi. Mashine imesoma sawasawa. Kinachokosekana ni mtu aliyewahi kumshika mnyama huyo wa maji haya, akamtambua kwa miguu yake ya tano, akampeleka kusomwa na kuweka jina. Benki imejaa wanyama wa Atlantiki ya Kaskazini. Wetu wamo kwa uchache.

Na hapa nina nongwa ndogo. Kazi ya kutambua kwa macho inaonekana ya kizee, vijana wote tunakimbilia vinasaba, huku vinasaba vyenyewe vinasimama juu ya mabega ya wale wazee. Tena idadi ya vipande haikuambii idadi ya wanyama. Yavuyavu mmoja aliyekatika anaweza kuwafunika kopepodi elfu.

Jambo jingine nililolisoma wiki hii na sitaki kulipoteza: Bahari ya Uarabuni. Wataalamu wa India, Madhupratap na wenzake, waliona wavuni zooplanktoni wengi mwaka mzima, hata miezi ambayo mimea ya planktoni ni haba. Wanakula nini? Sehemu ya jibu ni njia ya vijidudu: bakteria wanaokula uchafu ulioyeyuka, viumbe wa seli moja wanaokula bakteria, kisha zooplanktoni wanaokula hao. Sasa upande wa Oman kuna jambo jipya, Noctiluca wa kijani, kiumbe wa seli moja, anayefunika bahari majira ya baridi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na anayemla vizuri ni salpa na yavuyavu kuliko kopepodi. Hao nao ni laini, wavu unawaponda. Kumbe jicho si tatizo pekee.

6 Agosti

Giza. Nimekwenda na wavuvi wa dagaa wa kijiji cha Kama, kwa ruhusa ya Nahodha ambaye wawili kati yao ni wajomba zake. Zamani zilikuwa karabai. Leo ni taa za LED na betri. Ukiiwasha taa, unasubiri. Kwanza panakuja vumbi, vumbi linalocheza, ndiyo zooplanktoni wangu. Kisha mabuu ya kamba. Kisha dagaa, kwa ukingo kwanza, halafu wote.

Niliburura wavu wa 100 pembeni ya taa na mwingine gizani. Mdogo wa wavuvi aliuliza kwa nini vidudu hivi havionekani mchana. Nikamweleza habari ya safari yao ya kila siku, chini mchana ili wasionekane na samaki, juu usiku ili wale. Miaka ya 1940 wanamaji waliokuwa wakipima kina kwa sauti waliona sakafu ya bahari ikipanda jioni na kushuka alfajiri, na ilikuwa ni wanyama. Huku kwetu kina ni kifupi, wengine hujificha mchangani na kwenye matumbawe. Nikamwambia pia kwamba mwaka 1974 Okera alichapisha kazi ya zooplanktoni wa maji ya Dar es Salaam, na ndani yake mna uchunguzi wa wanavyoitikia taa.

"Na alipata nini?" akauliza mjomba mkubwa, akicheka. "Kwamba wanaifuata? Angetuuliza."

Alfajiri dagaa walishuka, wakachemshwa na chumvi, wakaanikwa. Mnunuzi alikuwa anajaza magunia ya Kongo.

11 Septemba

Mguu wa mezani, sura ya picha. Ufaransa, Villefranche-sur-Mer, walitengeneza skana ya kupiga picha sampuli nzima kwenye maji, na kompyuta ikajifunza kupanga: huyu kopepodi, huyu mnyoo mshale, hili ni jani. Mtu anakaa kukagua. Kinachonivutia mimi zaidi ni kile kidogo, PlanktoScope, ambacho michoro yake iko wazi kwa yeyote kukijenga, na akili yake ni kompyuta ya Raspberry Pi. Chombo cha aina hiyo ndicho kinachoweza kukaa kituoni miaka kumi, maana kikiharibika unakitengeneza mwenyewe bila kungoja fundi aje kwa ndege. Tumeandika ombi la vipuri.

Upande wa mada, karatasi za karibuni zimejaa plastiki ndogo na tindikali ya bahari, na mada zote mbili zinahitaji kujua nani yumo majini kwanza. Tumepata nyuzi za rangi kwenye chupa zetu pia. Siwezi kuziita plastiki. Mmoja wetu alikuwa amevaa sweta la buluu.

4 Oktoba

Kikao cha ripoti. Ulinganisho na miaka ya 1960 tumeutoa kwenye kichwa cha habari. Wavu wao ulivutwa wima kutoka mita 200, bahari wazi. Wetu unaburuzwa karibu na uso, kwenye kina ambacho mita 200 hazipo kabisa. Hata macho ya 330 yakiwa yaleyale, maji si yaleyale, na hilo lilistahili kuonekana Januari. Dokta alipendekeza tuandike kwa lugha laini. Nimeomba tuandike hivihivi.

Kinachobaki kinasimama chenyewe: jozi za sampuli za nyavu mbili, tangu Aprili mpaka leo, kusi nzima. Ingawa wa 100 nao una uongo wake. Maji yakiwa machafu unaziba baada ya dakika mbili, unaanza kusukuma maji pembeni badala ya kuyachuja, na mita ya mkondo ndiyo inayokuchongea. Tumepunguza muda wa kuburura hadi dakika mbili kwa huo. Wickstead itabidi tumsome upya, meza kwa meza, kabla ya kusema lolote kuhusu wakati wake na wetu.

Kila chupa sasa ina lebo mbili, moja nje na moja ya penseli ndani, na ukubwa wa jicho umeandikwa kwanza kabla ya tarehe. Kwenye daftari la vifaa nimekata neno "akiba".

Bamvua lijalo tutatoka tena, kama vuli haikuja mapema. Nahodha anasema mafuta yamepanda na kamba ya nanga imechoka. Kamba nimeahidi, mafuta sijui.